Shangazi Borghild na Muswada wa Uyoga

Nordby, Minnesota
11 Januari

Mpendwa Loren,

Huku tu wazima, kwa maana ile ya uzima inayotumika mwezi wa Januari. Baridi imeshuka mpaka gari la jirani yangu Myrtle limekataa kuwaka, na Myrtle mwenyewe anaelekea huko. Ziwa limeganda vizuri, vibanda vya kuvulia samaki vimejaa juu ya barafu, na tayari pikapu moja imezama. Mwenyewe alitoka salama. Anasema barafu ilikuwa nene mahali pengine. Paka hajambo. Msalimie mkeo Renae, mwambie soksi zimenitosha na kwamba hakupaswa kujisumbua.

Nilikwenda kwa daktari kule Willmar kuhusu lile tumbo. Ni kijana mzuri, ana viatu safi. Alizungumza muda mrefu juu ya kongosho langu, akanionyesha picha zake, kisha akaniuliza kama nina mtu wa kumwambia. Nikamjibu ninaye mpwa bungeni, nimemlea mwenyewe, lakini ana kazi nyingi. Akaandika. Basi tuyaache hayo.

Ninachokuandikia ni jambo la Myrtle. Amesoma gazetini kwamba kuna muswada umeletwa kwenye kamati yako ya afya. Wanataka jimbo liruhusu madaktari watafiti wawape wagonjwa wasiopona dawa ya uyoga ule wa njozi, waone kama inawaondolea hofu ya kufa. Myrtle anasema kibali cha Washington wameshapata, vitanda vimetandikwa, wanangoja jimbo liseme ndiyo na litoe fedha. Anataka kujua kama muswada utapita, na ukipita, ni lini. Anauliza tu. Unamjua Myrtle, hupenda kujua mambo.

Usinipigie simu. Simu ni ya kutangaza moto. Andika.

Ni mimi shangazi yako,
Borghild


St. Paul
2 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Renae alishikwa na mafua, nikamtibu kwa supu, na sasa anasema mafua yalikuwa nafuu. Bunge linafunguliwa mwezi huu. Wamenipa ofisi mpya yenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, na nimeambiwa hiyo ni heshima. Pole na tumbo. Jaribu kupunguza kahawa, ingawa najua sentensi hiyo nimeiandika kwa faida ya karatasi tu.

Sasa swali la Myrtle. Muswada upo. Upo mezani kwangu, chini ya muswada wa leseni za vinyozi. Wanaoutaka huja wakilia, wasioutaka huja na vijitabu, na kila mmoja ana dakika mbili. Wajumbe wa kamati wamegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo kura ya mwenyekiti ndiyo itakayoamua. Mwenyekiti ni mimi. Hali hiyo nimeikwepa tangu niingie bungeni, na nilikuwa nakwenda vizuri.

Mwambie Myrtle mambo si mepesi. Curtiss Hellerud, yule muuza matrekta, anakitaka kiti changu, na mwezi wa Mei chama kitachagua kati yangu na yeye. Anawaambia watu eti nina shamba la uyoga chini ya nyumba. Chini ya nyumba nina mashine ya kufulia. Lakini maneno ya Hellerud yanatembea, na ya mashine ya kufulia hayatembei.

Kwa hiyo sitaki kuamua kwa kichwa changu. Nitakuja kwenye kile chakula cha samaki wa kulowekwa magadi hapo kanisani, nipite meza kwa meza niwaulize watu wenyewe. Wakisema ndiyo, ni ndiyo. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akinifundisha, mwulize mwenye shamba kabla hujalima.

Mwanao,
Loren


St. Paul
1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Tumerudi salama. Asante kwa chakula. Samaki nilimla kama inavyotakiwa, na viazi vilikuwa vitamu. Renae anasema koti langu bado linanuka magadi na ameliweka barazani mpaka litakapojirekebisha. Nilikuona umepungua kidogo. Imekupendeza.

Basi mpe Myrtle majibu. Niliuliza, kama nilivyoahidi. Meza ya kwanza alikuwa mume wake, nikamwambia, "Mzee Opdahl, hii dawa ya uyoga, mngependa wagonjwa wa hapa kwetu waipate?" Akasema, "Aa, sisi tuko sawa tu. Msijisumbue kwa ajili yetu." Wanakwaya wakasema labda wapo watu wa kwingine wanaoihitaji zaidi. Mchungaji akasema ni jambo la kuvutia, akageukia viazi vyake. Nikafika kwenu, nikakuuliza hata wewe, ukanijibu, "Mimi? Hapana, mwanangu, wape wengine. Kula keki." Ukumbi mzima sikupata hata ndiyo moja.

Nikarudi huku nikatafuta njia ya kati. Nimepeleka marekebisho, na kamati imeyapitisha bila kelele. Sasa muswada hauruhusu dawa. Unaunda jopo la wajumbe kumi na wanane, watakaokaa miaka miwili wakichunguza kama jimbo lianze kuchunguza. Waliolia wamelia kidogo, wenye vijitabu wamebaki na vijitabu, na Hellerud alikosa la kusema kwa karibu wiki nzima. Nadhani ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya humu ndani.

Mwambie Myrtle avute subira. Miaka miwili si mingi.

Mwanao,
Loren


Nordby
25 Machi

Loren,

Theluji imeanza kuyeyuka, na sasa tunaona kila tulichopoteza tangu Novemba. Nimepata glavu yangu moja na kiatu cha mtu. Paka hajambo. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu hapaswi kuharibu stempu kwa hasira. Bado ninayo, lakini stempu nimeshanunua.

Hebu niambie, nani kakulea wewe? Uliuliza mara moja. Umekulia mezani kwangu, Loren. Ulishaniona lini nikikubali kipande cha keki kwa kuulizwa mara moja? Mtu akikukaribisha mara ya kwanza unasema hapana, maana huenda amesema kwa adabu tu. Akirudia unasema usijisumbue. Akirudia tena ndipo unasema haya, kipande kidogo. Mtoto wa shule hapa anajua hivyo. Wewe umekuja na swali la watu kufa, ukaliuliza mara moja, kati ya samaki na keki, ukaandika hapana, ukahamia meza nyingine. Mzee Opdahl alibaki ameshika uma, anangoja umuulize tena. Dada yake alikufa mwaka juzi akipiga mayowe. Angekubali kabla hujamaliza kusema.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilishapanga maneno ya mara ya pili na ya tatu. Ukaniambia keki ni tamu, ukaenda kwa wanakwaya.

Basi nasema bila kuulizwa. Si adabu, lakini nafasi ya adabu sina. Anayeuliza si Myrtle. Myrtle ni mzima kama trekta. Ni mimi. Ni saratani ya kongosho, na imeshaingia kwenye ini. Yule kijana wa viatu safi alisema labda nitaona mavuno, Krismasi hakuitaja. Ile miaka miwili ya jopo lako mimi sina. Na kupungua kwangu hakujanipendeza.

Ninaogopa, Loren. Nimepiga kinanda kwenye mazishi ya wilaya nzima, huku nikiwaza nitapika nini jioni. Nilidhani mimi na kifo tumezoeana. Sasa imefika zamu yangu, nakaa kitandani natetemeka mpaka kitanda kinalia. Mchungaji sijamwambia, ataniletea kijitabu. Renae usimwambie. Au mwambie, utakavyoona.

Borghild


St. Paul
30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Barua yako ilinikuta kwenye kikao cha vinyozi. Nimeahirisha kikao. Nikateremka maegesho, nikakaa kwenye gari, nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kuniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia niko ndani. Akaniangalia, akaondoka.

Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu sisi hata kilio tunakificha, kwa hiyo sijui methali ya kututosha. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi. Nilikuandikia upunguze kahawa. Kunywa kahawa yote unayoitaka. Nilikuambia umependeza. Renae nimemwambia, hajala tangu jana.

Muswada nitaurudisha. Kanuni zinaruhusu kamati kurudia uamuzi wake iwapo mtu aliyekuwa upande ulioshinda ataomba, na mimi nilikuwa upande huo, mbele kabisa. Marekebisho yangu nitayaondoa kwa mkono wangu. Asubuhi hii nilisimama mbele ya kamati nikatangaza maslahi yangu, kwamba katika jambo hili nina shangazi. Mjumbe mmoja akasema naye anaye. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu. Na hata sheria ikipita, wagonjwa watachaguliwa na madaktari wenyewe, sitakuwa na sauti. Ni lazima ujue hilo.

Hellerud atafurahi sana. Mchungaji ameshanipigia simu, akasema tena ni jambo la kuvutia, na safari hii sauti yake haikuwa na viazi.

Kikao ni tarehe 17 Aprili. Unataka kuja kusema mwenyewe? Najua umesema hapana. Unataka kuja? Umesema nisijisumbue. Shangazi, nauliza mara ya tatu: uje useme?

Mwanao,
Loren


Nordby
20 Aprili

Mpendwa Loren,

Tumefika salama. Myrtle aliendesha njia nzima bila kuvuka kasi ya gari la maziwa, na nyuma yetu kulikuwa na msafara kama wa harusi. Ua la kwanza limechomoza kando ya kisima. Paka alitapika tulipokuwa safarini, kwa kisasi.

Nataka nikuambie nilivyoona, kwa sababu pale mezani ulikuwa ukitazama karatasi.

Kwanza, uliita jina langu kama hunijui. Ni sawa. Ile maiki ilikuwa ndefu kunipita, yule binti akaja kuishusha, nikamwambia asijisumbue, akaishusha hivyo hivyo. Nikasema niliyoyapanga: kwamba mimi ni Borghild Tveito wa Nordby, mpiga kinanda, ninakufa kwa kongosho na ninaogopa, na kwamba watu wetu walipoulizwa wakasema hapana walikuwa na maana ya ndiyo, waulizwe vizuri. Nikaona watu wa magharibi ya jimbo wakitikisa vichwa. Wa mjini hawakuelewa, lakini waliandika.

Kisha yule mjumbe mwenye tai ya njano akaniuliza, "Mama, huoni kwamba dini ndiyo ingepaswa kukutuliza?"

Nikamwambia, "Bwana, dini naijua, nimeikalia kinanda chake tangu sijaota jino la busara. Na siku ya kung'olewa hilo jino nilisali vizuri sana. Halafu nikaomba ganzi."

Hakucheka. Aliyecheka ni Myrtle, na Myrtle akicheka husikika mpaka nje. Nilitaka kuendelea, nilikuwa nimebakiza la maana, ndipo ukagonga nyundo. "Muda wako umekwisha, Bi. Tveito." Chumba kizima kikashusha pumzi, na wewe ukawa mwekundu kama nyanya. Usiwe na wasiwasi. Ingekuwa ni mimi ningegonga mapema zaidi. Mtu akimpendelea shangazi yake mbele ya watu, hao watu wote watataka shangazi zao wapendelewe.

Kura yako ilikuwa ya sauti ndogo, ikabidi karani aulize umesema nini. Ndiyo ya sauti ndogo huhesabiwa sawa na nyingine. Hellerud alikuwa amekaa nyuma, anatabasamu. Ana meno mazuri.

Kwa hiyo muswada umetoka kwenye kamati. Naambiwa bado kuna baraza zima, na Seneti, na gavana. Sikujua kitu kinaweza kuwa na milango mingi hivyo. Mimi nasubiri. Maumivu yapo, yana saa zake.

Shangazi yako,
Borghild


St. Paul
3 Juni

Shangazi, shikamoo.

Renae anakusalimu na anakuletea maua ya kupanda. Nimemwambia utasema usijisumbue. Amesema anajua.

Habari mbili. Ya kwanza, mkutano wa chama ulifanyika kwenye ukumbi wa shule kule nyumbani, kama ulivyosikia. Wajumbe wamemchagua Hellerud. Nilipewa nafasi ya kusema, nikasema nilibadili kura kwa sababu mara ya kwanza niliwauliza watu vibaya na nikapata majibu mabaya, na kosa ni langu. Walinipigia makofi marefu. Kwetu wakikupigia makofi marefu hivyo, ujue keki ya kukuaga imeshaagizwa. Nitamaliza muda wangu mpaka Januari, kisha sijui. Mzee Opdahl alinifuata nje, akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Nilikuwa na maneno tayari ya kusema kwamba siumii. Ninaumia.

Ya pili, gavana ametia sahihi Ijumaa iliyopita. Sheria imeanza siku hiyohiyo. Fedha si nyingi, nafasi ni chache, na kuna masharti mpaka juu ya rangi ya mlango wa stoo, lakini ni sheria. Tulipigwa picha. Mimi niko nyuma ya mtu mrefu.

Peleka maombi yako kesho. Mimi nimekatazwa hata kupiga simu kule, na sitapiga. Nakuombea tu, kwa sauti ndogo.

Mwanao,
Loren


Nordby
24 Agosti

Loren mwanangu,

Mahindi yamempita mtu kwa urefu, na Myrtle ametia matango kwenye siki ya kutosha jeshi. Sketi zangu zote nazishikiza kwa pini. Paka ameongezeka, kwa hiyo nyumba haijabadilika uzito.

Tangu wale watafiti waliponiita kwa ile dawa umeandika mara tatu kwamba nisimulie kama nikipenda. Nimeona unajifunza. Basi nasimulia.

Ni chumba kizuri chenye kochi na picha ya maporomoko ya maji. Wasimamizi walikuwa wawili, daktari mwanamke na muuguzi kijana aitwaye Pheng, wa wale Wahmong waliotoka Laos, mzaliwa wa huko huko St. Paul, mpole sana. Wakaniuliza nimekuja na nia gani. Nikasema sitaki kuwasumbua. Wakasema hiyo si nia. Nikasema basi nataka kufa bila kutetemeka. Hiyo wakaiandika.

Nilitarajia uyoga wenyewe, labda na siagi. Ni kidonge. Nikafunikwa macho, wakaniwekea muziki. Niliwaambia mpiga kinanda wao anakimbia. Wakasema hicho si kinanda. Kwa muda mrefu hakuna kitu, nikaanza kuwahurumia, fedha yote ile ya jimbo. Nikafunua kitambaa nitazame saa, nikakuta dari inapumua. Nikajifunika tena. Mambo ya dari hayanihusu.

Nilikuwa nimekwenda kutengeneza nywele, nikidhani huenda nikamwona Yesu. Nikamwona Marvin Stuve wa ghala la nafaka, aliyetutangulia zamani. Alikuwa ameketi juu ya ndoo. Hakusema neno, kama kawaida yake. Nikaketi naye. Ilikuwa vizuri, Loren. Sina maneno ya kueleza ilivyokuwa vizuri. Dunia nzima ilikuwa Marvin na ndoo, na haikuwa na kinyongo na mimi hata kidogo.

Kisha nikajikuta hapa nyumbani, siku aliyokufa baba yako. Unajua kwetu tunavyofanya. Mtu akiwa anakufa, watu hujaa jikoni. Wanaleta mabakuli ya viazi na nyama, wanakunywa kahawa, wanasema kwa sauti ya chini, na mlango wa mgonjwa unafungwa ili asisumbuliwe. Kila baada ya muda mmoja anakwenda kuchungulia. Kaka yangu Alton alikata roho katikati, baada ya mmoja kuchungulia na kabla ya mwingine. Mimi nilikuwa nakata keki. Hakuna aliyemkosea, tulidhani tunamheshimu. Ila safari hii aliyelala ndani ni mimi. Mlango umefungwa, na ninavisikia vijiko vyenu vikigonga vikombe upande wa pili.

Hapo nikakijua ninachokiogopa. Si kaburi, la kwangu nimeshaliona, liko pazuri. Si Mungu, tunafahamiana. Ni vile vijiko. Nikalia kwa sauti, mimi, mbele za watu. Pheng akanishika mkono bila kuuliza. "Niko hapa, bibi," akasema. Nikamwachia mkono mpaka mwisho.

Tangu siku ile sitetemeki. Nalala. Hofu zile nyingine zimekwenda, sijui wapi, na sizitafuti. Imebaki hiyo moja tu, na hiyo haihitaji gavana. Siku ikifika, usikae jikoni. Uje ndani, ufunge mlango wewe ukiwa upande wangu. Sijui kama ni jambo la kumwomba mtu. Ukiwa na kazi nitaelewa.

Shangazi yako,
Borghild


St. Paul
30 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Renae hajambo, mimi sijambo, salamu nyingine tutapeana ana kwa ana.

Siku aliyokufa baba nilikuwa na miaka ishirini na mbili na ndevu. Nilikaa kwenye kile kiti kilicho karibu na mlango wake. Watu walidhani nafuata joto la jiko. Nilikula vipande vitatu vya keki yako na sikumbuki ladha ya hata kimoja. Nilikuwa nangoja mtu aniambie, "Loren, ingia." Mtoto wake wa pekee, nimekaa hatua mbili kutoka kitandani kwake, nangoja ruhusa. Nilidhani ninyi wakubwa mnajua kitu juu ya mlango ule ambacho mimi sikijui. Kisha ukatoka ukasema amekwisha, na mimi nikasema sawa. Sijawahi kumwambia mtu hayo, hata Renae. Uliposema vijiko, nikajua kimoja kilikuwa changu.

Kazi sina. Iliyobaki ni ya kukaa nyuma ya watu warefu kwenye picha, wataipata bila mimi. Jumatano tunakuja, tuna godoro, nalo litatandikwa chumbani kwako chini ya dirisha. Nitakaa mpaka mwisho, uwe wa mavuno au uwe wa baada ya mavuno. Watu wakija na mabakuli yao, Renae atawapokea. Anayetaka kukuona nitamwambia aingie, nitamwambia mara tatu ikibidi, na atakayeingia ataongea kwa sauti yake ya kawaida.

Ulisema nifunge mlango nikiwa upande wako. Hilo sitalifanya, Shangazi, nisamehe. Nikifika, kabla sijavua koti, nitaung'oa kwenye bawaba zake na kuupeleka ghalani. Bisibisi nakuja nayo.

Mwanao,
Loren